Kaveripattinam, Bandari Iliyokwenda Baharini



Jioni hii nataka tusafiri pamoja mpaka pwani ya mashariki ya Bara Hindi, katika nchi ya Watamil, tukautazame mji mmoja uliokuwa bandari kubwa zamani za Warumi. Mji huo una majina mengi. Katika vitabu vya kale huitwa Puhar, na pengine Kaveripattinam, yaani mji wa pwani wa mto Kaveri. Siku hizi wenyeji huuita Poompuhar. Nawaambia mapema, ili mtu asije akadhani nimemdanganya: anayekwenda huko akitazamia kuona majumba makuu na minara ya kale ataona mchanga, mashua, nyavu zilizoanikwa, na vijiji vya wavuvi. Bandari yenyewe haipo. Sehemu yake imefukiwa na udongo wa mto, na sehemu yake imo baharini. Walakini mimi nahesabu kuwa ni mahali panapofaa sana kuzuru, na sababu yake mtaiona mbele.

Njia yake si ngumu. Msafiri hupanda gari la moshi katika mji wa Chennai, ambao zamani uliitwa Madras, akaelekea kusini kwa muda wa saa tano au zaidi mpaka mji wa Mayiladuthurai. Kutoka hapo hupanda basi, akapita katikati ya mashamba ya mpunga kiasi cha maili 15 kwenda baharini. Nchi yote ile ni tambarare kama uwanja, na mifereji ya maji huikata huku na huku, maana ni nchi iliyofanywa na mto. Kaveri umeleta udongo wake kutoka milimani kwa maelfu ya miaka na kuutandaza hapo, na Watamil tangu kale wamejua kuyagawa maji yake. Juu ya mto huo liko boma la mawe liitwalo Kallanai, ambalo kazi yake ni kuyageuza maji yaende mashambani, na wenyeji husema lilijengwa na mfalme Karikala wa ukoo wa Chola, yapata miaka 1,800 iliyopita. Boma hilo limetengenezwa tena mara nyingi, lakini linafanya kazi hata leo.

Kwa hiyo mtu afikapo Poompuhar, akauliza, "Mto Kaveri u wapi?", huenda asiamini akionyeshwa. Mto ule mkubwa, ambao Wahindi wanauheshimu kama mama, huingia baharini hapo kama kijito tu. Maji yake mengi yamekwisha kunyweka mashambani, au yamepita katika tawi lake la kaskazini liitwalo Kolidam. Hata hivyo watu huja kwa maelfu kuoga mahali pale mto unapokutana na bahari, na mwezi unapokuwa mpevu katika mwezi wao wa Chittirai, ambao huangukia Aprili au Mei, hufanya sikukuu kubwa pwani.

Sasa mtauliza, ikiwa hakuna kuta wala minara, watu walijuaje kwamba hapo palikuwa na mji mkubwa? Walijua kwa sababu ya mashairi. Watamil wana mashairi ya kale sana, yaliyohifadhiwa kwa kuandikwa juu ya majani ya mvumo na kunakiliwa kizazi kwa kizazi, na moja katika hayo, liitwalo Pattinappalai, lilitungwa kumsifu Karikala na bandari yake. Mshairi yule alikuwa na macho ya karani wa forodha. Anataja farasi walioletwa kwa merikebu, na magunia ya pilipili manga yaliyokuja kwa magari. Dhahabu na vito vya milima ya kaskazini, na sandali ya milima ya magharibi. Lulu za bahari ya kusini na marijani ya bahari ya mashariki. Vyakula vya Ceylon, na bidhaa za nchi zilizo ng'ambo ya bahari, upande wa Malaya. Anaeleza ya kuwa mizigo yote, iliyoingia na iliyotoka, ilipigwa muhuri wa chui wa milia, aliye alama ya wafalme wa Chola, na ushuru wake ulitozwa pasipo kuchoka. Mimi nilipoyasoma hayo nilicheka kidogo, maana nimezoea mashairi ya kusifu yanayosema upanga na vita. Huyu anasifu forodha! Lakini alijua nguvu ya mfalme wake ilitoka wapi.

Kitabu cha pili ni hadithi iliyo maarufu kuliko zote katika nchi ya Watamil, iitwayo Silappatikaram, yaani hadithi ya kikuku cha mguuni. Humo twasoma kwamba mji ulikuwa na sehemu mbili. Moja ilikuwa karibu na bahari, walikokaa wavuvi, mafundi, wachuuzi, na wageni walioitwa Yavana, yaani Wayunani na Warumi. Ya pili ilikuwa ndani zaidi, alikokaa mfalme pamoja na matajiri. Katikati ya sehemu hizo mbili palikuwa na soko chini ya miti.

Hadithi yenyewe nitaifupisha. Katika mji huo alikuwako kijana tajiri, jina lake Kovalan, aliyemwoa Kannagi, binti mwema. Lakini Kovalan alimpenda mcheza ngoma mmoja aitwaye Madhavi, akamwacha mkewe na kuitumia mali yake yote. Hata alipofilisika alirudi kwa mkewe kwa aibu. Kannagi hakumsuta. Walikuwa wamebakiwa na vikuku vyake viwili tu vya dhahabu, basi wakaondoka Puhar usiku, wakaenda kwa miguu mpaka Madurai, mji wa mfalme wa Pandya, wapate kuuza kimoja na kuanza biashara upya. Kovalan akampelekea sonara wa mfalme. Kumbe sonara yule alikuwa ameiba kikuku cha malkia, naye alipokiona hiki alipata njia ya kujiokoa. Akaenda kumwambia mfalme ya kuwa mwizi amepatikana. Mfalme hakuuliza wala hakupeleleza. Akaamuru Kovalan auawe.

Kannagi alipopata habari alikwenda mbele ya mfalme, amekishika kikuku cha pili mkononi. Akamwuliza, "Kikuku cha malkia kina nini ndani?" Mfalme akasema, "Lulu." Kannagi akakivunja kile alichouawa nacho mumewe, na ndani yake zikaruka yakuti. Mfalme akaona amemwua mtu asiye na hatia, akaanguka akafa kwa huzuni. Na Kannagi akaulaani mji wa Madurai, ukateketea kwa moto. Mwanamke huyo hata leo ana sanamu yake pwani ya Chennai, na huko Poompuhar serikali ya jimbo ilijenga mwaka 1973 jengo la makumbusho ambalo kuta zake zina picha za mawe zenye kuieleza hadithi hiyo tangu mwanzo hata mwisho. Watoto wa shule huletwa kwa mabasi kuzitazama.

Kitabu cha tatu, Manimekalai, huifuata hadithi hiyo, na humo ndimo tunamosikia habari za mwisho wa mji. Yasemekana mfalme wa Puhar alimpoteza mwanawe mchanga baharini, naye kwa majonzi akasahau kufanya sikukuu kubwa ya kila mwaka. Basi bahari ikapanda ikaumeza mji.

Sasa tuache vitabu, tushike sepetu. Tangu mwaka 1962 wataalamu wa mambo ya kale wa Serikali ya Bara Hindi walichimba katika vijiji vilivyo kandokando ya Poompuhar. Mahali paitwapo Kilaiyur walikuta gati la matofali makubwa, lililojengwa kando ya mkono wa zamani wa mto, na nguzo za miti bado zimesimama ndani ya tope, ambazo mashua zilifungwa. Mti mmoja ulipopimwa ulionekana kuwa umekatwa zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Mahali pengine, paitwapo Pallavanesvaram, walikuta nyumba ya watawa wa dini ya Buddha, pamoja na jiwe lililochongwa mfano wa nyayo za Buddha. Basi mshairi hakusema uongo: bandari ilikuwako. Lakini je, bahari iliumeza mji, au hiyo ni hadithi tu ya wazee ya kueleza kwa nini mji haupo?

Jibu, nadhani, limo katika visima. Zamani watu wa pwani ile walichimba visima vya maji ya kunywa katika mchanga, na ili mchanga usibomoke walitia ndani pete kubwa za udongo uliochomwa, moja juu ya nyingine, kama mtu apangavyo vyungu visivyo na vitako. Kusini kidogo ya Poompuhar, katika ufuo wa kijiji cha Vanagiri, wataalamu wa chuo cha bahari kilichoko Goa walikuta pete za visima hivyo mahali ambapo maji ya bahari hujaa na kupwa. Sasa fikirini, ninyi mnaokaa pwani. Ni nani achimbaye kisima cha maji matamu mahali ambapo bahari humwagika kila siku? Hakuna. Wakati kisima kile kilipochimbwa, bahari ilikuwa mbali, na mama aliyeteka maji hapo alikuwa na nyumba yake karibu. Baada ya visima, wapiga mbizi walikuta pia matofali na vigae vya vyungu chini ya maji.

Lakini visima hivyo havisemi kwamba maji yalikuja siku moja. Wataalamu wengi waliopima pwani ile huona kwamba bahari iliila nchi kidogo kidogo kwa muda mrefu, leo yadi moja, mwakani mbili, huku mto nao ukihamahama na kuijaza bandari kwa tope. Nami naelekea kukubaliana nao. Mji hufa kwanza kwa kukosa merikebu. Bahari huja baadaye kuzika.

Wako pia watu wanaosema mji huo una miaka 11,000, kwa sababu chini ya bahari, kama maili 3 kutoka pwani na kwa kina cha mita 23, pameonekana kitu chenye umbo la kiatu cha farasi. Maneno hayo yalisambaa sana tangu mwaka 2001. Mimi siyakubali, maana hakuna aliyeonyesha jiwe moja lililochongwa na mkono wa mtu mahali pale, na hadithi ya kweli ya Puhar haina haja ya kuongezewa chumvi. Wapiga mbizi walewale walikuta kitu kingine kidogo ambacho mimi kimenipendeza zaidi: merikebu iliyozama, na ndani yake mikuo ya risasi iliyopigwa jina la Blackett na mwaka, 1791 na 1792. Ni shehena ya Uingereza iliyokuwa ikipelekwa kuuzwa, ikalala karibu na mji ambao wenye shehena pengine hawakujua kuwa ulikuwako.

Huenda wengine wenu mnajiuliza, habari hizi zatuhusu nini sisi wa pwani ya Afrika? Katika karne ya kwanza baada ya Kristo, mfanya biashara mmoja wa Misri, aliyeandika Kiyunani, alitunga kitabu cha kuwaongoza mabaharia katika Bahari ya Hindi. Katika kitabu hicho ameandika habari za pwani yetu, ambayo yeye huiita Azania, na bandari yake ya mwisho, Rhapta, ambako mashua zilishonwa kwa kamba. Kisha katika kitabu kile kile amezitaja bandari za nchi ya Watamil, na moja katika hizo aiitayo Kamara wataalamu wengi huitambua kuwa ndiyo Kaveripattinam. Anasema huko walikuwa na vyombo vilivyofanywa kwa magogo makubwa yaliyofungwa pamoja. Hata leo neno la Kitamil kattumaram, yaani miti iliyofungwa, limeenea ulimwenguni katika lugha za mabaharia. Na katika pwani ile ya Madras palikuwa na mashua za kuvukia mawimbi zilizoshonwa kwa kamba za makumbi, kama mitepe ya Lamu. Tena upepo ni mmoja: ule tuuitao kaskazi, uliozileta majahazi kwetu, ndio unaowaletea Watamil mvua zao kubwa katika miezi ya Oktoba, Novemba na Desemba.

Anayetaka kuona bahari ikifanya kazi yake mbele ya macho, na aende kusini kiasi cha maili 12 mpaka Tharangambadi, ambayo Wazungu waliiita Tranquebar. Jina hilo la Kitamil hufasiriwa kuwa mahali pa mawimbi yaimbayo. Mwaka 1620 Wadenmark, wakiongozwa na Ove Gjedde, walipatana na mfalme wa Thanjavur wakajenga ngome hapo, Dansborg, ambayo bado imesimama, rangi yake kama mchanga, imeielekea bahari. Sasa ni nyumba ya makumbusho. Mwaka 1706 walifika Wadachi wawili, wajumbe wa dini, na mmoja wao, Ziegenbalg, alijifunza Kitamil kwa bidii, akapiga chapa Agano Jipya katika lugha hiyo, likamalizika mwaka 1715. Herufi za kwanza zilitoka Ulaya, nazo zilikuwa kubwa mno, zikimaliza karatasi upesi. Basi yasemekana wakafua herufi ndogo papo hapo kwa risasi iliyofunika makopo ya jibini ya Kiingereza. Mwaka 1845 Wadenmark wakauza mji kwa Waingereza, na biashara ikahamia bandari nyingine.

Lakini nilitaka kusema juu ya hekalu. Kando ya ngome, juu ya ufuo wenyewe, liko hekalu la Masilamani Nathar, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, zamani za mfalme Kulasekhara wa Pandya. Waliolijenga hawakulitia majini, maana hakuna mjenzi mwenye akili atendaye hivyo. Bahari ndiyo iliyolifuata. Sehemu ya mbele imekwisha kubomoka, na mawe makubwa yamerundikwa ufuoni ili kuyazuia mawimbi. Mtu asimamaye hapo haoni tena taabu kuamini habari za visima vya Vanagiri.

Na wenyeji wa pwani hiyo hawahitaji kuambiwa na mtu. Jumapili, tarehe 26 Desemba 2004, nchi ilitetemeka chini ya bahari karibu na Sumatra, na baada ya saa mbili na zaidi, asubuhi, bahari iliinuka ikaingia katika vijiji vya nchi ya Watamil. Ndiyo tsunami. Katika wilaya ya Nagapattinam peke yake, ambayo wakati huo ilikuwa na Poompuhar na Tharangambadi ndani yake, walikufa watu zaidi ya 6,000. Wengi walikuwa wanawake na watoto waliokuwa ufuoni na majumbani, ilhali baadhi ya wanaume walikuwa mbali baharini, ambako wimbi halikuonekana hata kuwa wimbi. Maji yale yale yalifika Afrika siku ile ile. Katika Somalia walikufa watu karibu 300, na Kenya na Tanzania nazo zilipoteza watu.

Tangu hapo swali la Puhar limekuwa swali la watu walio hai. Mwaka 2005 serikali ya jimbo la Tamil Nadu ilitangaza hivi: mtu ambaye nyumba yake iliharibika, naye akaa ndani ya mita 200 kutoka mahali maji yanapofika yakijaa, akikubali kuhama atajengewa nyumba mpya bure, mbali na bahari, asiyetaka kuhama ataruhusiwa kutengeneza nyumba yake mwenyewe, kwa fedha zake. Sikilizeni jambo hilo kwa makini, maana si jepesi. Mvuvi akikaa mbali haioni bahari anapoamka, hajui kama samaki wamekaribia, wala hawezi kulinda mashua, mashine na nyavu zake. Samaki hupigwa mnada mchangani alfajiri, na wanawake ndio wanaowanunua na kuwachukua kichwani mpaka sokoni. Kila hatua iliyoongezwa ni mzigo wao. Zaidi ya hayo, wengine waliogopa kwamba wakiutoka ufuo utachukuliwa na watu wenye fedha, wajenge nyumba za wageni. Kwa upande mwingine, nani atamlaumu baba aliyemzika mtoto mchangani, akisema hatalala tena mahali anaposikia mawimbi?

Basi wako waliohama na wako waliobaki. Msafiri atayaona makao mapya ndani, nyumba za saruji zilizopangwa kwa mistari, na atayaona maboti, ambayo siku hizi mengi ni ya nyuzi za kioo na mashine, yamepandishwa ufuoni kama zamani. Mimi sikuweza kuamua ni nani mwenye haki, nami nashuku kwamba mgeni yeyote aamuaye upesi hakukaa huko siku za kutosha.

Mtu atakaye kuzuru na aende katika Januari au Februari, mvua zimekwisha na jua halijawa kali. Asiende kuoga ovyo, maana mkondo wa pwani ile ni mkali. Aanze na nyumba ya picha za mawe, kisha atembee ufuoni kwenda kusini wakati maji yanapokupwa, awaulize wavuvi wa Vanagiri kwa adabu wamwonyeshe mahali pa visima. Pengine mchanga utakuwa umevifunika, nao watamwambia arudi bamvua ijayo. Pengine ataiona pete moja ya udongo mwekundu, upana wake wa kutosha mtu kuingia, imejaa maji ya chumvi.